Usafirishaji wa Joto: Kupoza Taa za LED za Kuoteshea Miche

Mada ya usafirishaji wa joto huonekana nyepesi kwa sababu umeisoma tangu shule ya msingi: mpitisho, msafara, mnururisho. Watahiniwa wengi huzitaja njia hizo tatu bila kusita. Alama hupotea pale swali linapoweka kifaa mezani na kuuliza: joto la kifaa hiki linatokea wapi, linapita wapi, na ni hatua ipi inayolikwamisha? Katika somo hili tutachukua kifaa kimoja na kukifuatilia hadi mwisho.

Wanafunzi wa klabu ya sayansi wanaotesha miche ya nyanya ndani ya kasha la mbao lililowekwa kwenye stoo isiyo na dirisha. Wamenunua kibao cha LED chenye upana wa sentimita 2 na urefu wa sentimita 2, kinachotumia volti 36 na mkondo wa ampea 1.25. Wanakifunga kwa skrubu kwenye ubao wa kifuniko cha kasha na kukiwasha. Baada ya muda mfupi wanasikia harufu ya kuungua, kisha taa inazimika na haiwaki tena. Wametumia fedha zote za klabu, na miche imebaki gizani.

Kosa lao ni nini? Tuanze na hesabu. Nguvu ya umeme inayoingia ni 36 × 1.25 = 45 W. Sehemu tu ya nguvu hiyo hugeuka mwanga. Tuchukulie, kama swali la mtihani linavyoweza kukupa, kwamba asilimia 40 ni mwanga na asilimia 60 ni joto. Basi joto linalozalishwa ni 0.6 × 45 = 27 W, yaani jouli 27 kila sekunde, katika eneo linalotoshea juu ya kidole gumba. Ubao ni kihami. Joto lilipokosa njia ya kutoka, liliendelea kurundikana hadi kibao kikaungua.

Hapa mtahini hupenda kuuliza: mbona balbu ya zamani yenye waya haikuhitaji kupozwa? Waya wa balbu hufikia takribani nyuzi 2,500 za Selsiasi. Kwa jotoridi hilo mnururisho huwa mkubwa mno, na joto huondoka lenyewe pamoja na mwanga. Balbu imetengenezwa ili iwe ya moto. LED ni nusukipitishi, na LED nyingi huharibika zikipita nyuzi 125 hadi 150 hivi. Kwa jotoridi dogo namna hiyo mnururisho ni dhaifu: uso mweusi kabisa wa sentimita 4 za mraba ukiwa na nyuzi 85, ndani ya kasha lenye nyuzi 30, hupoteza kwa mnururisho chini ya robo ya wati. Sisi tuna wati 27 za kuondoa. Kwa hiyo joto la LED halina budi kutoka kwa mpitisho kupitia mgongoni, na huko ndiko tunakoweka kipozajoto.

Kipozajoto ni kipande cha metali chenye mapezi, kama vile unavyoviona mgongoni mwa amplifaya ya redio. Usiandike kwamba "kinafyonza joto na kulimaliza". Nimesoma sentensi hiyo katika majibu mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na haipati alama. Kipozajoto hakimalizi joto. Hulipokea kwenye eneo dogo, hulitawanya kwenye eneo kubwa, kisha hulikabidhi kwa hewa.

Safari hiyo ina vituo vitatu vilivyofuatana: ndani ya LED yenyewe hadi mgongoni mwake, kisha kwenye maungio kati ya LED na kipozajoto, kisha kutoka kwenye kipozajoto hadi hewani. Kila kituo kina ukinzani wake wa joto, unaopimwa kwa °C kwa wati. Ukinzani wa 2 °C kwa wati maana yake kila wati moja inayopita husababisha tofauti ya nyuzi 2 kati ya mwanzo na mwisho wa kituo. Kwa kuwa vituo vimefuatana, ukinzani wake hujumlishwa kama vikinzani vya umeme vilivyounganishwa kwa mfululizo. Joto linalopita huchukua nafasi ya mkondo, na tofauti ya jotoridi huchukua nafasi ya volti. Ukiijua kanuni ya Ohm, hii umeshaijua:

Jotoridi la LED = jotoridi la hewa + (wati za joto × jumla ya ukinzani)

Wanafunzi wanapata kibao kingine cha aina ileile. Maelezo ya mtengenezaji yanasema ukinzani wa ndani ni 0.5 °C kwa wati, na LED isizidi nyuzi 85. Wanapaka pesti ya kupitisha joto kwenye maungio, na wanachagua kipozajoto chenye ukinzani wa 1.2 °C kwa wati. Hewa ndani ya kasha ina nyuzi 30. Ukinzani wa pesti tunaukokotoa: unene ugawanywe kwa upitishaji joto mara eneo. Tabaka la pesti lina unene wa milimita 0.1, upitishaji joto wake ni 2.5, na eneo ni sentimita 4 za mraba, yaani mita za mraba 0.0004.

Ukinzani wa pesti = 0.0001 ÷ (2.5 × 0.0004) = 0.1 °C kwa wati
Jumla ya ukinzani = 0.5 + 0.1 + 1.2 = 1.8 °C kwa wati
Jotoridi la LED = 30 + (27 × 1.8) = 78.6 °C

Taa iko salama, ingawa akiba iliyobaki ni nyuzi 6.4 tu. Zingatia kubadili milimita kuwa mita na sentimita za mraba kuwa mita za mraba kabla ya kugawanya. Sentimita 1 ya mraba ni mita za mraba 0.0001, si 0.01.

Sasa ondoa pesti. Nyuso mbili za metali hata ziking'aa vipi zina mabonde madogo, na mabonde hayo hujaa hewa. Upitishaji joto wa hewa ni takribani 0.026. Tukichukulia hali mbaya kabisa, kwamba tabaka lote la milimita 0.1 ni hewa tupu, ukinzani wa maungio unakuwa 0.0001 ÷ (0.026 × 0.0004), yaani takribani 9.6 °C kwa wati. Jumla inapanda hadi 11.3, na hesabu inatoa nyuzi 335. LED haifiki huko, huungua kabla. Kwa kweli nyuso hugusana katika sehemu kadhaa na hali haiwi mbaya kiasi hicho, lakini umeona jinsi filamu nyembamba ya hewa inavyoweza kushinda kipande kizima cha metali.

Je, metali ipi? Wengi hukimbilia kujibu shaba, kwa kuwa upitishaji joto wake ni takribani 400, na wa aloi za alumini za kutengenezea vipozajoto ni takribani 200. Jibu hilo ni sahihi nusu. Pima kitako cha kipozajoto chenye unene wa milimita 4, tukichukulia joto linapita wima chini ya kibao. Kwa alumini ukinzani ni 0.004 ÷ (200 × 0.0004) = 0.05. Kwa shaba ni 0.025. Tofauti ni 0.025, na kwa wati 27 faida yake ni nyuzi 0.7 tu. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kwa ujazo uleule, na bei yake iko juu. Kwa taa inayoning'inia juu ya miche, alumini ndiyo chaguo la busara. Chuma cha pua kiache kabisa: upitishaji joto wake ni takribani 15.

Tazama tena hesabu yetu. Kati ya ukinzani wa 1.8, kituo cha mwisho kina 1.2, yaani theluthi mbili. Pa kuanzia kupambana ni hapo, katika kukabidhi joto kwa hewa. Kiasi cha joto kinachochukuliwa na hewa kwa msafara kinategemea eneo la uso, tofauti ya jotoridi, na mwendo wa hewa. Hewa iliyotulia huchukua takribani wati 5 hadi 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Tukitumia 7, eneo linalohitajika ili ukinzani uwe 1.2 ni 1 ÷ (7 × 1.2) = mita za mraba 0.119, karibu sentimita 1,190 za mraba.

Bati bapa la alumini la sentimita 25 kwa 24 lina eneo hilo ukihesabu pande zote mbili, na kwa asiye na fedha ni suluhisho halali kama bati ni nene kiasi cha kupeleka joto hadi pembeni. Mapezi 12, kila moja la sentimita 10 kwa 5, nayo yana sentimita 1,200 za mraba, lakini yote yanakaa kwenye kitako cha ukubwa wa kiganja. Mapezi yasimame wima, na mifereji kati yake iwe wazi chini na juu, ili hewa iliyopata joto ipande na hewa baridi iingie kwa chini. Ukiyabananisha mno, hewa hukwama katikati yake: eneo linaongezeka kwenye karatasi, msafara unapungua kwenye taa.

Rangi nyeusi nayo huulizwa sana. Uso mweusi usiong'aa hunururisha vizuri kuliko alumini iliyong'arishwa, kwa hiyo husaidia pasipo feni. Lakini pezi linalotazama pezi jirani hurushiana nalo mnururisho, wala joto halitoki. Ni uso wa nje tu unaofaidi.

Feni inaweza kuzidisha uchukuaji wa joto mara nne. Kwa kipozajoto chetu ukinzani unashuka kutoka 1.2 hadi 0.3, na LED inakuwa na 30 + 27 × (0.5 + 0.1 + 0.3) = 54.3 °C. Ushindi mkubwa, ila kuna mtego. Mtu akiitegemea feni na kununua kipozajoto cha robo ya ukubwa, yaani sentimita 300 za mraba, mambo ni salama mradi feni inazunguka. Vumbi likiisimamisha, ukinzani wa kipozajoto unaruka hadi karibu 4.8, na jotoridi linapita nyuzi 170. Ukiulizwa ushauri, chagua kipozajoto kinachotosha bila feni, kisha ongeza feni ili taa idumu. Maji hubeba joto vizuri zaidi ya hewa, lakini yanahitaji pampu na mabomba, na yakivuja karibu na umeme wa gridi wa volti 230 ni hatari. Kwa wati 27 hayana kazi.

Bado kuna kasha. Watahiniwa huandika "jotoridi la hewa" wakimaanisha hewa ya stoo, ilhali kipozajoto kinakabidhi joto kwa hewa inayokizunguka. Kama kasha halina matundu na hewa yake imefika nyuzi 40, LED itakuwa na 88.6 °C, imevuka kikomo. Tena, mwanga unaoangukia majani, udongo na mbao hugeuka joto karibu wote. Kwa hiyo karibu wati zote 45 huishia kuipasha moto hewa ya kasha, si 27 peke yake. Toboa matundu chini na juu, au toa mapezi nje ya kifuniko.

Hata taa ikinusurika, joto lina gharama. LED ikiwa na joto zaidi hutoa mwanga kidogo zaidi kwa umeme uleule, na LED nyekundu hupungua haraka kuliko za bluu. Mimea hutumia sana rangi hizo mbili. Miche inayokosa mwanga hurefuka, huwa myembamba na huanguka.

Maswali ya mazoezi

1. Mwanafunzi alipaka pesti ileile kwa unene wa milimita 1 badala ya 0.1. Kokotoa jotoridi jipya la LED, hewa ikiwa na nyuzi 30 na kipozajoto kikiwa cha 1.2 bila feni.

2. LED hutumia volti 24 na ampea 1.5, na nusu ya nguvu ni joto. Hewa ina nyuzi 32, kikomo ni nyuzi 80, ukinzani wa ndani ni 0.8 na wa pesti ni 0.2 °C kwa wati. Tafuta ukinzani mkubwa kabisa unaoruhusiwa wa kipozajoto, na eneo lake katika hewa iliyotulia (tumia 7).

3. Eleza kwa nini kipozajoto kilekile hupoza vibaya zaidi mapezi yake yakifunikwa kwa ubao upande wa juu.

Majibu

1. Ukinzani wa pesti ni 0.001 ÷ (2.5 × 0.0004) = 1.0. Jumla ni 2.7. Jotoridi ni 30 + 72.9 = 102.9 °C, taa imevuka kikomo.

2. Joto ni 18 W. Jumla inayoruhusiwa ni 48 ÷ 18 = 2.67. Kipozajoto: 2.67 − 1.0 = 1.67 °C kwa wati. Eneo: 1 ÷ (7 × 1.67) = mita za mraba 0.086, karibu sentimita 860 za mraba.

3. Hewa yenye joto huwa nyepesi na hupanda. Ubao ukiizuia, hewa baridi haipati nafasi ya kuingia kwa chini, msafara hukoma, na hewa iliyobaki kati ya mapezi hugeuka kihami.