Watoto 117 Dhidi ya Bodi ya Shule

Kesi ya kaunti ya Prince Edward ilianzaje?

Ilianza na mgomo wa wanafunzi. Sekondari ya Moton mjini Farmville, Virginia, ilijengwa mwaka 1939 kwa ajili ya wanafunzi weusi 180. Kufikia 1951 walishapita 450, na wengine walisomea kwenye mabanda ya karatasi za lami yaliyovuja. Aprili 23, Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwakusanya wenzake ukumbini akawataka watoke madarasani.

Kwa nini ishtakiwe bodi ya shule?

Kwa sababu ndiyo iliyoendesha shule na kuamua nani asome wapi. Mawakili Oliver Hill na Spottswood Robinson walikubali kuwatetea wanafunzi kwa sharti zito: wasidai jengo bora la weusi, wadai ubaguzi wenyewe ufutwe. Mzazi aliyekuwa akitaka paa lisilovuja sasa alitakiwa ahatarishe riziki yake. Hata hivyo, Mei 23 kesi ilifunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117, hoja ikiwa Marekebisho ya 14 ya Katiba: kila mtu alindwe sawa na sheria.

Walishinda?

Si mara ya kwanza. Mwaka 1952 mahakama ya shirikisho ilikataa kufuta ubaguzi. Walikata rufaa, kesi yao ikaunganishwa na ile maarufu ya Brown, nayo ya kupinga ubaguzi shuleni, na Mei 17, 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatamka kwamba kutenganisha wanafunzi kwa rangi kunavunja Katiba.

Basi wakasoma pamoja?

La, na hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1959 kaunti iliona heri ifunge shule zake zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Weupe walifunguliwa shule ya binafsi, na fedha za umma zikaisaidia. Watoto weusi wapatao 1,700 walifungiwa milango. Wachache walipelekwa kwa ndugu mbali na nyumbani, wengine wakafundishwa makanisani, wengi wakakaa bure. Aliyefungiwa akiwa na miaka saba alifikisha 12 kabla shule za kaunti hazijafunguliwa tena.

Nani alizifungua?

Mahakama tena. Katika kesi ya Griffin, iliyopinga kufungwa huko, mwaka 1964, Mahakama ya Juu ilisema jaji anaweza kuiamuru kaunti itoze kodi ili shule ziendeshwe. Zikafunguliwa mwaka huohuo. Lakini ilikuwa hadi mwaka 2004 ndipo bunge la Virginia lilipoanzisha ufadhili wa masomo kwa wale walionyimwa shule, wakati wengi wao walishafikia umri wa kuwa na wajukuu.