Baba, Shika Beseni

Ukipita soko la Khayega, Kakamega, jioni, giza likianza kuingia, utawakuta akina baba wamejaa: kwenye steji ya bodaboda, kwa kinyozi, mbele ya runinga ya hotelini. Saa hiyo hiyo, nyumbani mama anasonga ugali, mrenda unachemka, mdogo analia na mkubwa anatafuta daftari. Ushauri wangu kwa baba mwenye watoto wadogo ni mmoja: chagua kazi moja ya saa hiyo, iwe yako kabisa. Usiseme unasaidia. Msaidizi huja akijisikia. Mwenye kazi huulizwa asipoonekana.

Mimi nilichagua kuogesha. Naipendekeza kwa kuwa mtoto aliye ndani ya beseni hana haraka ya kwenda popote, na maneno humtoka yenyewe. Ila usimhoji. Ukiuliza "Leo umesoma nini?" utajibiwa "Hakuna," na mazungumzo yameisha. Uliza kinachoshikika: ulicheza na nani, nani alilia, uji ulikuwa na sukari? Hapo utasikia habari za darasa zima, pamoja na nyingine ambazo mwalimu asingependa zifike kwako.

Kazi yenyewe ina ufundi wake. Tia maji baridi kwanza, ndipo uongeze ya moto. Ukianza na ya moto, ukageuka kuchukua mtungi, mtoto ameshatumbukiza mguu. Pima kwa kiwiko, maana viganja vilivyozoea jembe au spana havisikii moto upesi. Uso uache mwisho, kwani sabuni ikiingia machoni mapema, kuoga kumegeuka vita.

Kisha miguu, na hapa usikimbie. Vumbi la sakafu zetu za udongo hufuga funza. Tanua vidole kimoja kimoja, tazama pembeni mwa kucha, geuza kisigino. Ukiona kivimbe cheupe chenye kidoa cheusi katikati, huyo ndiye. Usimchokoe kwa pini iliyozunguka boma zima: pini ya kushirikiana huweza kuhamisha magonjwa ya damu, na kidonda kichafu hukaribisha pepopunda. Mwite mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu akuelekeze dawa. Sakafu nyunyizia maji kabla ya kufagia, na watoto wavae viatu hata uani. Na siku binti yako atakapokuambia utoke nje aoge mwenyewe, toka bila ubishi, amekua.

Maneno utayasikia. Kuna mzee atakayekuuliza kama siku hizi wewe ndiye uliyeolewa. Ukitaka kumjibu, Katiba ya Kenya ya 2010 iko upande wako: Ibara ya 53 inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au la. Mimi sibishani naye. Namwambia maji yanapoa, naenda zangu.

Kama jioni huipati, chukua asubuhi ya shule. Barabara kuu ya Kisumu kwenda Kakamega inapita papo hapo sokoni, na matatu hazimngoji mtoto. Mshike kifundo cha mkono, si vidole, maana vidole huchomoka. Tembeeni upande wa kulia, mkitazamana na magari, mtoto akiwa upande wa majani. Mkifika pa kuvuka, mwache yeye akuambie kama gari linakuja, huku umemshika barabara. Ndivyo atakavyojifunza kutazama siku ambayo hupo. Akipanda bodaboda, asiketi juu ya tangi la mafuta, hata kama dereva ni jirani.

Siku ya fahali kupigana, watoto watawasumbua muwapeleke. Wapelekeni. Ni mchezo wa jamii zetu za Isukha na Idakho, na mtoto wa hapa anafaa kuujua. Lakini mdogo akae mabegani, mkubwa awe mkononi, na msimame mbali, penye mti au ukuta wa kujikinga. Wengi humwogopa fahali anayeshinda. Wa kuogopwa ni aliyeshindwa: hugeuka ghafla akatimka, na hachagui njia. Ngoma za isukuti nazo watoto watazifuata. UNESCO iliiweka isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa hiyo mwanao akirudi nyumbani akaanza kuutwanga mtungi wa plastiki, vumilia angalau mpaka ugali uive.

Baba aliye kazini Nairobi naye ana zamu yake. Piga simu wakati wa kulala, si baada ya mpira, na zungumza na mtoto kabla ya kuulizia ng'ombe. Ukiwa umeahidi kupiga Jumatano, piga Jumatano.

Na wewe unayetarajia mtoto mchanga, kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa wiki mbili za likizo ya baba yenye malipo kamili. Mwandikie mwajiri mapema, uichukue yote, na usiimalizie sokoni.