Kuchagua Chombo cha Kutia Programu Katika Chipu

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Shambani maneno hayo ni kweli, maana jembe lolote huingia udongo wowote. Lakini katika kazi ya elektroniki, jembe lisilo la udongo wake halichimbi hata kidogo. Kwa hiyo nataka kuwaeleza wenzangu, hasa wa madarasa ya chini wanaoanza kazi hii, namna ya kuchagua chombo cha kutia programu kabla hawajatoa fedha zao.

Kwanza yafaa tujue maikrokontrola ni kitu gani. Ni kompyuta ndogo kamili ndani ya chipu moja. Ina sehemu ya kuhesabu, ina kumbukumbu, na ina miguu ya kupokea na kutoa habari. Ikiwa mpya haijui neno lolote, ni kama daftari lisiloandikwa. Chipu iitwayo ATmega328P, kwa mfano, ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32, nayo huweza kufutwa na kuandikwa tena mara 10,000. Programu tunaiandika kwenye kompyuta, lakini kompyuta haiwezi kuongea na chipu tupu moja kwa moja. Hapana budi kuwe na mkalimani kati yao. Mkalimani huyo ndiye chombo tunachotaka kuchagua.

Sasa tuchukue kazi moja ya hapa kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, mto Sebeya ukafurika, ukabomoa nyumba za watu katika Kanama, Nyundo na Rugerero. Katika Rwanda nzima mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130. Wengi walikuwa wamelala. Basi tuseme twataka kutengeneza kengele ya maji: bomba lisimamishwe mtoni, ndani yake mna swichi tatu zenye vielea, moja juu ya nyingine. Maji yakipanda, chipu huhesabu swichi zilizofunga, kisha hupiga king'ora. Kengele moja haitoshi. Zatakiwa kadhaa, na kila moja itumie betri. Je, tuchague chombo gani?

Njia ni tatu.

Ya kwanza ni kununua ubao ambao tayari una mkalimani wake, ukaunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB tu. Ubao wa Arduino, uliobuniwa katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ni wa namna hiyo. Raspberry Pi Pico, iliyotoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 4 za Marekani, ni rahisi zaidi: wabonyeza kitufe chake huku ukichomeka waya, nayo huonekana kwenye kompyuta kama diski, ukanakili faili, kazi imekwisha. Kwa mwanafunzi anayeanza hii ndiyo njia njema.

Ya pili ni kununua chombo maalumu. Hapa wengi hupotea, kwa kuwa kila ukoo wa chipu una chombo chake. USBasp ni ya chipu za AVR, kama ATmega328P. PICkit ni ya chipu za PIC, ingawa toleo lake la 4 hutumikia pia AVR. ST-Link ni ya STM32. Anayenunua ST-Link ili atie programu katika ATmega328P amenunua ufunguo wa mlango wa jirani.

Ya tatu ni kuufanya ubao wa Arduino Uno uwe mkalimani wa chipu nyingine. Katika mifano inayokuja pamoja na programu ya Arduino mna mmoja uitwao ArduinoISP. Ukisha kuutia ndani ya Uno, unganisha nyaya nne: mguu 13 wa Uno kwa mguu 19 wa ATmega328P, 12 kwa 18, 11 kwa 17, na 10 kwa mguu 1. Kisha peleka umeme wa volti 5 kwenye miguu 7 na 20, na ardhi kwenye 8 na 22. Mwisho weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND za Uno, upande wa chanya kwenye RESET, ili ubao usijianzishe upya katikati ya kazi.

Kabla ya kununua, jiulize maswali haya manne:

1. Chipu yangu ni ya ukoo gani?
2. Yahitaji volti ngapi? Pico hufanya kazi kwa volti 3.3, miguu yake ikipata volti 5 yaweza kuungua.
3. Kompyuta ya shule yakitambua chombo hicho? Kwa AVR iko programu ya bure, avrdude, inayokwenda katika Windows na Linux pia.
4. Chipu mpya yaenda kwa mwendo gani? ATmega328P hutoka kiwandani ikienda megahezi 1 tu, na USBasp isipopunguzwa mwendo haitasikika.

Tena iko hatari moja. Chipu za AVR zina vipengele viitwavyo fyuzi. Ukibadili fyuzi ya RESET, mlango wa kutilia programu hufungwa, na kuufungua kwahitaji chombo cha volti 12. Usiguse fyuzi usiyoielewa.

Kwa kengele ya Sebeya, basi, njia ya tatu yashinda. Tukiacha Uno zima katika kila bomba, fedha zitakwisha upesi, na betri pia, kwa sababu ubao huo hula miliampea makumi kadhaa hata usipofanya kazi. Chipu tupu ni rahisi kwa bei, na ikilala hutumia umeme kidogo mno. Uno moja ibaki mezani shuleni, itie programu katika chipu zote, leo na mwakani.

Hata hivyo kengele ya wanafunzi haichukui nafasi ya maonyo ya serikali, wala isijaribiwe mtoni kabla haijajaribiwa siku nyingi ndani ya ndoo. Chagueni mara moja, chagueni kwa akili, kisha limeni.