Magugu ya Maji: Kwa Nini Yakikatwa Huzidi?

Wasomaji wetu wengi wa pande za Arusha na Meru ni watu wa mifereji, na kazi ya kusafisha mfereji waijua. Watu huitana, huja na majembe na mapanga, huyakata magugu yaliyoziba maji, na vipande huachwa vichukuliwe na mkondo. Kisha kila mtu hurudi kwake akifurahi. Lakini baada ya miezi michache mfereji huziba tena, pengine kuliko mara ya kwanza. Watu wa chini husema kwamba watu wa juu wamewanyima maji, na ugomvi huanza. Sisi wenyewe tumewahi kushika panga katika kazi hiyo na kufanya kosa hilo hilo, kwa kuwa hatukuyajua mambo tutakayoyaeleza leo.

Na tuanze shambani, mahali tunapopajua. Mtu apandaye viazi vitamu hatafuti mbegu; hukata shina na kulifukia, nalo huota. Muhogo na muwa ni vivyo hivyo. Tena yatazameni masale yaliyo mipakani mwa mashamba yetu: tawi hukatwa, huchomekwa ardhini, na baada ya muda huwa mti. Kwa nini? Kwa sababu shina lina mafundo, na penye fundo pana jicho dogo lililolala. Katika jicho hilo mna uwezo wa kutoa tawi jipya, na penye fundo mizizi nayo huweza kutokea.

Jicho hulala kwa kuwa limezuiwa. Ncha ya shina hutengeneza kitu ambacho wataalamu hukiita oksini. Kitu hicho hushuka ndani ya shina na kuyazuia macho ya chini yasichipue. Ncha ikiondolewa, kizuizi hupungua, na macho huamka. Wakulima wa kahawa wameliona jambo hili kwa macho yao: mbuni ukikatwa kichwa, hutoa vichipukizi vingi ubavuni. Basi anayekata shina hakuliua. Pengine ameyaamsha macho yaliyokuwa usingizini.

Mimea iishiyo chini ya maji ina njia hiyo hiyo, lakini yenyewe imezidishiwa mambo matatu. Kwanza, maji huishika isianguke, kwa hiyo haihitaji shina gumu kama la mti. Shina lake ni laini na huvunjika upesi, hata kwa mguu wa ng'ombe, kwa kasia, au kwa nguvu ya mafuriko. Pili, hunyonya maji na chakula kwa mwili wake, wala haitegemei mizizi peke yake. Kipande cha muhogo kikitupwa juani hukauka kabla ya kuota, bali kipande cha gugu la maji hakipatwi na kiu, maana kimo ndani ya kinywaji chake. Tatu, ndani ya shina mna nafasi za hewa, na kwa hiyo vipande vingi huelea na kusafiri mbali.

Liko gugu moja liitwalo Ceratophyllum, ambalo hupatikana katika maziwa mengi ya Afrika ya Mashariki, hata Ziwa Viktoria. Gugu hili halina mizizi kabisa. Huelea chini ya uso wa maji, na kila tawi livunjikalo laweza kuwa mmea mwingine. Liko na jingine, Hydrilla, ambalo kipande chake chenye fundo moja tu chaweza kuwa mmea kamili.

Jambo hili liliwashangaza hata watu wa Uingereza. Mwaka 1842 gugu la Marekani liitwalo Elodea lilionekana katika ziwa moja la Scotland. Katika miaka michache lilijaa mito na mifereji mingi ya nchi ile, hata mashua zikapata taabu kupita. Tena mimea yake huko karibu yote ilikuwa ya kike, hivyo haikuweza kuzaa mbegu. Ilienea kwa vipande tu.

Afrika nayo imeyaona. Gugu lieleao liitwalo Salvinia lilionekana katika ziwa la Kariba, mto Zambezi, mwaka 1959. Na kufika mwaka 1962 lilikuwa limefunika karibu kilometa za mraba 1,000. Gugu hilo halina mbegu iotayo; mali yake yote ni vipande. Gugu maji, lililosumbua sana wavuvi wa Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1990, lina mbegu, lakini huongezeka upesi zaidi kwa kutoa watoto pembeni ambao hukatika na kwenda zao.

Twawaeleza habari za mbali kwa kuwa maji yetu nayo hayakai mahali pamoja. Themi upitao mjini Arusha, Nduruma, Tengeru na Usa, yote huingia Kikuletwa. Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka huko maji huenda kwa mto Pangani mpaka baharini. Kipande kikitupwa Tengeru, hakijulikani kitashukia shamba la nani.

Walimu waweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa urahisi. Chukueni chupa tatu za kioo zenye maji ya mfereji. Katika ya kwanza tieni kipande cha gugu chenye mafundo mawili au matatu. Katika ya pili, kipande kisicho na fundo. Katika ya tatu, kipande kilichokaushwa juani mpaka kikavunjika mkononi. Ziwekeni penye mwanga lakini si penye jua kali, na watoto waandike kila juma waonayo. Jaribio likiisha, msivitupe vipande mtoni, vikausheni kwanza.

Sasa, kazi ya mfereji ifanywe namna hii:

1. Fungeni maji kabla ya kukata, ili vipande visichukuliwe.

2. Anzeni juu mkishuka chini. Mkianza chini, vipande vya juu vitapanda tena pale mliposafisha.

3. Chini ya mahali pa kazi wekeni kizuizi cha matawi au wavu, na mtu mmoja akae hapo aokote vipande.

4. Ng'oeni na mizizi, msikate juu tu.

5. Magugu yatolewe mbali na ukingo, yatandazwe juani mpaka yakauke kabisa. Yasiyo na mbegu yafaa kutandazwa migombani.

6. Nyavu, majembe na mitumbwi visafishwe kabla ya kupelekwa maji mengine.

Hatusemi kwamba kila jani la maji ni adui. Ziwani majani haya huwaficha samaki wadogo, na mchana hutia ndani ya maji hewa wanayoivuta. Ubaya ni kuyapeleka yasipotakiwa kwa mikono yetu wenyewe.

Twawaomba wakubwa wa vijiji na wazee wa mifereji walifikirie neno hili siku ile wagawapo zamu za maji. Mtu wa juu aachiaye vipande viende, amempandia jirani yake shamba la magugu bila kujua. Sasa tumejua, na anayejua hana udhuru. Wahenga walisema: Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kipande ni kidogo kama kidole, lakini chaweza kuziba mfereji wa kijiji kizima.