Somo la Robo Hii: Kura, Kodi na Umoja wa Kamati Zetu



Somo la toleo hili limetokana na jambo tulilojionea wenyewe hapa Kenya. Katika kamati moja ya maji tunayoshirikiana nayo, mwenyekiti na mweka hazina waliacha kusemezana baada ya Uchaguzi Mkuu wa Agosti 2022. Mmoja aliamini kura zimeibwa. Mwingine aliona mwenzake hataki kukubali kushindwa. Hundi ya kununulia mabomba ilihitaji sahihi za wote wawili. Ikakaa miezi 3, na akina mama wakaendelea kuteka maji mtoni. Ndipo tukajiuliza: je, tunaweza kutofautiana kuhusu kura na kodi bila kuvunja kazi tuliyopewa kuifanya pamoja?

1. Tulikotoka

Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, mradi mashindano yenyewe yawe ya haki. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler ilikuta kwamba hesabu za kura zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua kwa hakika nani alishinda urais. Wakati huo wengi hawakuiamini mahakama kama mahali pa kupeleka malalamiko. Watu zaidi ya 1,100 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo kutafuta usalama, wengi wao wanawake na watoto.

Mnamo Februari 2008, viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK) walikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Hilo ni funzo kubwa kwetu. Mpatanishi aliyekwisha kuvaa rangi za upande mmoja, nani atamsikiliza?

2. Haki ya uchaguzi hupimwa kwa ushahidi

Katiba ya mwaka 2010 iliweka njia mpya. Anayepinga matokeo ya urais ana siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, nayo ina siku 14 za kuamua. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilifuta matokeo ya urais, majaji 4 wakikubali na 2 wakikataa. Mwaka 2022 tume ya IEBC iliweka fomu 34A za vituo vya kupigia kura kwenye mtandao wake, ili kila mwananchi ajionee. William Ruto alitangazwa kupata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo hayo, lakini tarehe 5 Septemba majaji wote wa Mahakama ya Juu waliyaidhinisha.

Wako ambao hawakuridhika, nao wana haki ya kusema hivyo. Kazi ya kamati si kuwanyamazisha wala kuwashangilia. Kazi yetu ni kufundishana kuuliza vizuri: ni kituo gani? Ni fomu gani? Nani alishuhudia? Malalamiko yenye ushahidi hujenga nchi. Uvumi hubomoa hata jirani na jirani.

3. Kutoka kura hadi unga

Mara nyingi ugomvi wa kura na ugomvi wa bei hufuatana. Katika maandamano ya mwaka 2023 upinzani ulidai mambo mawili pamoja: mitambo ya IEBC ifunguliwe, na gharama ya maisha ishushwe. Mwaka huo huo Sheria ya Fedha ilipandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Aliyehisi kwamba hakushirikishwa katika kumchagua kiongozi aliiona kodi hiyo kuwa chungu maradufu.

Mwaka 2024 mambo yalikuwa tofauti. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha hawakuwa na chama wala kabila. Serikali ilisema nchi ina deni la zaidi ya shilingi trilioni 10, na kwamba ni heri kukusanya kodi kuliko kuzidi kukopa. Vijana walijibu kwamba pesa zinazokusanywa hupotea kwa ufisadi na anasa za wakubwa. Baadhi ya mapendekezo, kama VAT ya mkate, yaliondolewa. Hata hivyo Bunge lilipitisha mswada tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge. Kesho yake Rais alitangaza kwamba hatautia sahihi. Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa.

Ndugu zetu, mtu anaweza kuamini kwamba deni lazima lilipwe, na bado akalia kwa ajili ya hao 39. Mambo hayo mawili hayapingani.

4. Tujifunze kwa Nehemia

Someni Nehemia sura ya 5. Wananchi walilalamika kwamba wameweka rehani mashamba yao na kukopa ili walipe kodi ya mfalme. Tazameni hatua alizochukua Nehemia. Kwanza alisikiliza. Alikasirika, lakini alifikiri kabla ya kusema. Kisha aliwaita wakubwa mbele ya mkutano wa watu, akawataka warudishe walichochukua. Mwisho, yeye mwenyewe aliacha kula posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Hakudai kwa wengine asichokubali kukifanya.

5. Tuanzie nyumbani kwetu

Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alikataa wanasiasa kuhutubia kutoka madhabahuni. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha mchango wa fedha uliotolewa na Rais katika parokia moja jijini. Maamuzi hayo si mepesi kwa parokia yenye paa linalovuja, na tunajua wengi wenu mmewahi kupokea harambee kama hizo. Lakini aliyelipia mabati yetu ni vigumu kumwambia ukweli.

Vivyo hivyo, kamati isiyosoma hesabu zake mbele ya waumini, au iliyokaa miaka 8 bila uchaguzi, itasimamaje kuidai serikali uwazi?

6. Mambo ya kufanya

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla ya mwisho wa Juni. Makadirio ya bajeti ya kaunti nayo hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili. Kila kamati ichague watu 2 wa kufuatilia tarehe hizo, wasome, wawaeleze wenzao kwa lugha nyepesi, na kuandika maoni. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaruhusu kuandamana kwa amani bila silaha. Lakini barua iliyoandikwa kwa wakati inaweza kuzuia kilio cha baadaye.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, katika kamati yetu kuna mtu anayeogopa kutaja msimamo wake? Kwa nini?
2. Ni lini mara ya mwisho tuliposoma hesabu zetu hadharani?
3. Tukiletewa mchango na mgombea, tutajibu nini?
4. Ni kodi gani inayowaumiza zaidi majirani zetu, na nani tumemweleza?

Tumalizie tulipoanzia. Mzee mmoja wa kamati ile ya maji aliwaomba wale wawili waitazame pamoja fomu 34A ya kituo walichopigia kura. Waliisoma, wakakubaliana kwamba kwao kura zilihesabiwa sawasawa. Kuhusu nchi nzima hawakukubaliana, na hadi leo hawajakubaliana. Lakini siku hiyo waliitia sahihi hundi, na maji yakafika.