Tundu Kabla ya Uzi: Kuchagua Kifaa cha Kutoboa Karatasi

Mzazi anayeshona daftari la mtoto na kijana anayetengeneza mifuko ya karatasi ya kuuza wana shida moja: tundu. Likiwa kubwa kuliko uzi, ukurasa hulegea na kuchanika. Likiwa dogo mno, sindano husukumwa kwa nguvu ikakunja karatasi au ikadunga kidole.

Kazi hii si ngeni Pwani. Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana karne ya 19 kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kwa mafundi wake wa ngozi. Nayo marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017, imeipa karatasi kazi zaidi. Kwa mkaazi wa Mjambere anayetaka kuanza, kanuni ni hii: chagua kifaa kwa kuangalia kitakachopita tunduni.

Uzi: tumia sindano au msharasi

Vifaa hivi haviondoi karatasi. Huisukuma kando tu, kwa hivyo tundu huukumbatia uzi. Kwa daftari la kurasa chache, sindano nene iliyokitwa kwenye kipande cha mti au gunzi la hindi yatosha. Kwa jalada gumu, tumia msharasi.

Angalia ncha kabla ya kununua. Msharasi wa fundi viatu mara nyingi huwa na ndoano ya kuvutia uzi. Ndoano hiyo hung'oa karatasi unapouchomoa. Chagua wenye ncha laini, mviringo. Kwa kuwa msharasi hunenepa kuelekea kwenye mpini, zungushia utepe mahali pa kukomea ili matundu yote yalingane.

Kamba, utepe au faili: tumia panchi

Panchi hukata na kutoa duara la karatasi. Panchi ya ofisi ya matundu mawili hutoboa matundu ya upana wa milimita 6 hivi, yaliyoachana milimita 80. Yanafaa faili, lakini ni makubwa mno kwa uzi. Kwa mpini wa mfuko, kunja ukingo mara mbili kwanza, kisha toboa. Karatasi nene au kadibodi huhitaji panchi ya kugonga kwa nyundo, ikiwekwa juu ya ubao.

Jaribu hivi

1. Kunja karatasi 8 za A4 katikati, uzitie moja ndani ya nyingine. Utapata kurasa 32.
2. Kwenye mkunjo wenye urefu wa sentimita 21, tia alama katikati, na sentimita 3 kutoka kila mwisho.
3. Fungua daftari, ulaze mkunjo juu ya kadibodi nene, utoboe kutoka ndani kwenda nje.
4. Ingiza uzi kutoka ndani kupitia tundu la kati, rudi ndani kwa tundu la juu, toka kwa la chini, kisha urudi ndani kwa la kati. Funga fundo ndani.

Usalama na utunzaji

Watoto wa chekechea wasipewe msharasi. Mtu mzima atoboe, mtoto ashone kwa sindano butu. Usiweke kiganja nyuma ya karatasi unayotoboa. Ukimaliza, chomeka ncha kwenye kizibo.

Hewa ya Pwani ina chumvi na unyevu, na chuma hushika kutu upesi. Pangusa ncha kwa tone la mafuta ya cherehani, na uifute vizuri kabla ya kazi ili isitie doa. Ukidungwa, osha kidonda kwa sabuni na maji safi, kisha ufike kituo cha afya kuulizia chanjo ya pepopunda, hasa kama kidonda ni kirefu au kifaa kilikuwa kichafu.

Kabla ya kutoboa kazi yenyewe, jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile. Uzi ukipita bila kulazimishwa na bila kucheza, kifaa chako ndicho.