SOMO LA UFUNDI KWA VYAMA: PRESHA YA MAFUTA KATIKA LORI KUUKUU LENYE TABO

Lori la chama likishindwa kupanda mlima wakati wa msimu, hasara humfikia kila mwanachama, kwani magunia hulala ghalani na malipo huchelewa. Mara nyingi fundi hushauri pampu kubwa ya dizeli ibadilishwe, nayo kamati huidhinisha bila kuuliza. Pampu hiyo ni ya ghali sana, na huenda haina ubovu wowote. Somo hili linahusu malori ya zamani yasiyoongozwa kwa kompyuta.

Jinsi mafuta yanavyosafiri

Pampu ndogo huvuta dizeli kutoka tangini, huipitisha katika chujio, na kuifikisha kwenye pampu kubwa. Hapo presha huwa ndogo, kwa kawaida kilo 1 hadi 2 hivi kwa sentimeta ya mraba. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Pampu kubwa ndiyo inayoisukuma dizeli hadi kwenye nozeli, ambazo katika injini nyingi za aina hii hufunguka kwa kilo 200 hivi.

Tabo huzungushwa na moshi wa injini, nayo huisindilia injini hewa. Hewa ikizidi, mafuta nayo hayana budi kuongezwa. Kwa hiyo katika malori mengi kuna kibomba chembamba kinachopeleka presha ya hewa ya tabo kwenye kiwambo kilichopo juu ya pampu kubwa, ili pampu hiyo iruhusu mafuta zaidi.

Dalili

Lori likikosa nguvu huku likitoa moshi mweusi, kwa kawaida linapungukiwa hewa. Mipira ya tabo na chujio la hewa vikaguliwe kwanza. Likikosa nguvu bila moshi mweusi, yaelekea mafuta ndiyo yanayopungua.

Hatua za uchunguzi

1. Kifuniko cha tangi kilegezwe. Hewa ikiingia kwa mlio na nguvu zikarudi, tundu la kupumulia limeziba.

2. Maji yaliyomo katika chujio yamwagwe, na chujio libadilishwe ikiwa muda wake umepita. Kichujio kidogo cha pampu ndogo kisafishwe pia.

3. Mpira unaopenyeza nuru ufungwe kwa muda kabla ya pampu kubwa. Mapovu yakionekana, hewa inaingia upande wa kuvuta. Ufa wa upande huo huenda usivujishe hata tone, kwa sababu hunyonya hewa badala ya kutoa mafuta.

4. Presha ipimwe kwa geji kabla ya chujio na baada yake, injini ikizunguka kwa kasi, kwani kipimo cha injini inayonguruma taratibu hudanganya. Ikiwa nzuri kabla na hafifu baada, chujio limeziba. Ikiwa hafifu pande zote mbili, mpira wa kurudishia mafuta ubanwe kidogo kwa muda mfupi. Presha ikipanda, springi ya vali ya kurudishia imelegea. Isipopanda, pampu ndogo au njia ya kuvuta ndiyo yenye kasoro.

5. Kibomba chembamba cha tabo kikaguliwe. Kikiwa na ufa, au kiwambo kikiwa kimechanika, pampu kubwa haitaongeza mafuta ingawa ni nzima.

Hatua hizo zote zikimalizika bila kuonekana kosa, ndipo pampu kubwa ipelekwe kwa fundi mwenye mtambo wa kuipimia.

Tahadhari: Mtu yeyote asiweke mkono mbele ya nozeli inayotupa mafuta. Dizeli yenye presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha lake, hata likionekana dogo, lahitaji hospitali mara moja.

Wajibu wa katibu

Katibu adai taarifa ya maandishi yenye vipimo vya geji, na vifaa vilivyotolewa virudishwe chamani vikaonwe na kamati. Tarehe za kubadili chujio ziandikwe katika daftari la gari. Fedha ya matengenezo ni jasho la wakulima, na yapasa itolewe kwa ushahidi.

Maswali ya kujadiliwa

1. Kwa nini njia ya kuvuta yaweza kuwa na ufa bila kuvuja?
2. Moshi mweusi humwelekeza fundi upande gani?
3. Chujio la lori la chama chenu lilibadilishwa lini?